Nilimchapa Mbwa Mpaka Akaacha Kunguruma

Ndugu wasomaji, kosa ni langu. Sitaki kulizungusha. Nimekaa nalo miaka, nimelihesabu mara mbili kama ninavyohesabu kila kitu, na kila mara jibu linatoka lile lile: mimi. Si mbwa. Si mke wangu. Si balozi wetu wa nyumba kumi, ingawa huyo naye simwachi hivi hivi, nitamfikia.

Jina langu mniachie. Wa Muleba watanitambua kwa harufu ya mbuzi, na hao nawaomba wafunge mdomo.

Mimi ni dalali wa mbuzi. Nikimtazama mbuzi macho, meno na mkia, nakwambia ana umri gani, ana minyoo au hana, na mwenye mbuzi ana shida gani nyumbani mpaka auze. Ndiyo kazi yangu, na siku hizi haina jina zuri. Tangu Azimio la Arusha, ukisimama kati ya muuzaji na mnunuzi unaitwa mlanguzi, mnyonyaji, kupe. Nimewahi kuitwa yote matatu kabla ya saa nne asubuhi, na mtu mmoja.

Kwa hiyo nilipopata mbwa nikampa jina la Kupe. Mtu akipita njiani akanitupia "Kupe!", anaitika mbwa. Watu walicheka, na mimi nikajiona mjanja.

Mjanja! Subirini.

Kupe alitoka Kanazi, kwa mzee mmoja mwindaji. Alikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, masikio wima, mkia umejikunja. Mzee alitaka beberu wa kupandisha, mimi nilikuwa na beberu mwenye pembe moja. Wakati ule kumwondoa beberu ilikuwa sera ya taifa, basi sikuona uchungu kumtoa. Lakini sikumtoa bila kupatana.

Mzee hakunificha kitu. Alinieleza kuwa mbwa huyu aliwahi kunaswa kwenye wavu wa kuwindia nguruwe. Watu watatu wakamwinamia kwa pamoja kumnasua, visu mkononi, kelele juu. Tangu siku ile mtu akimwinamia, au akimletea uso karibu, roho yake inaruka.

"Hana ubaya," mzee akaniambia. "Atakwambia kwanza kwa kunguruma. Akinguruma, mpishe. Basi."

Mimi hapo hapo nikamdaka. Mbwa mwoga? Unataka kunipa mbwa mwenye kasoro kwa beberu mzima? Pembe moja haikuwa kasoro, woga ndio kasoro! Nikataka nyongeza. Mzee akaongeza mkungu wa ndizi na ile njuga ya shingoni ya kuwindia, ili nimwondokee. Nilirudi Muleba juu ya lori nikijicheka peke yangu.

Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu juu yangu mwenyewe inapoanzia. Woga wa yule mbwa niliujua. Niliutumia kupatania. Nilipewa mkungu mzima kwa ajili ya woga ule. Nikafika nyumbani, tukala ndizi, na ziliposagika tumboni na maneno ya mzee yakawa yameisha nazo.

Sebuleni kwangu Kupe alijichagulia mahali. Kona, nyuma ya kiti changu, mgongo ukutani. Niliwaambia watu ananipenda, hataki kuniacha. Hakuna cha mapenzi. Alikuwa anajibanza mahali ambapo hakuna atakayemtokea kwa nyuma. Mbuzi akijibanza hivyo mnadani mimi ndiye wa kwanza kusema, huyu kapigwa, mpunguzeni. Mbwa nikasema ananipenda.

Sasa, kwa asiyetoka huku. Kwetu mwanamke humsalimia mwanamume kwa magoti. Anashuka mpaka chini kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, anainamisha kichwa, na salamu si ya neno moja. Anauliza umeshindaje, watoto, migomba, waliolala wagonjwa. Anakaa pale magotini mpaka ziishe. Mikutanoni tulikuwa tunapiga makofi kwamba binadamu wote ni sawa, kisha tunarudi nyumbani kupigiwa magoti. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wengi.

Pigeni hesabu wenyewe. Kiti changu kifupi. Mbwa kalala kando yake. Mtu anashuka magotini mbele yangu na kuinama. Uso wake unafika wapi? Unafika usoni kwa mbwa. Kati yao haupiti urefu wa mkono. Nimekuja kupima baadaye, mara mbili, wakati kupima hakuna faida.

Wa kwanza kungurumiwa alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuja kuomba moto. Akashuka kunisalimia, Kupe akanguruma, mama akaruka kama msichana. Waliokuwepo wakacheka. Kesho yake sokoni nikakuta habari imenitangulia: kwa Baba Oliva hata ukipiga magoti unakaripiwa.

Iliniuma. Mbwa anawakaripia watu wanaoniheshimu, ndani ya nyumba yangu, mbele yangu!

Mke wangu, Mama Oliva, hakuiona hivyo. Yeye alikuwa na namna yake na yule mbwa. Jioni alikaa chini jikoni, ubavu kamuelekezea, hamtazami hata kidogo, anachambua dagaa zake. Anamrushia mmoja. Mmoja. Mmoja. Wiki ya kwanza mbwa alikula mke wangu akishampa kisogo. Wiki ya tatu anakula miguuni pake. Baadaye akawa anamfuata kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, anakaa chini ya mgomba akimwangalia analima, na hakuna siku alimngurumia, kwa sababu mke wangu hakuwahi kumwinamia. Alimwacha mbwa ndiye aje.

Na mimi nilifanya nini? Nilihesabu dagaa. Nikamwambia dagaa wa ziwani hawavuliwi kwa ajili ya mbwa.

Akaniambia: "Baba Oliva, anaponguruma anaomba nafasi. Ana haki ya kuomba."

Akanipa njia mbili, na mimi mtu wa kupatana nilitakiwa nizipokee zote. Ya kwanza: wageni wakija, mbwa atolewe kwanza, akakae nyuma ya jiko na mfupa wake, salamu zikiisha arudi. Ya pili: kama nataka mbwa akae pale, basi watu wanisalimie wima.

Nikakataa zote mbili. Mbwa gani wa kufichwa wageni wakija, kana kwamba ni gongo? Nimemleta alinde, au nimemleta tumlinde yeye? Na hiyo ya wima ndiyo sikutaka hata kuisikia. Nionekane mwanamume ambaye mkewe anamsalimia wima kwa kumwogopa mbwa! Sokoni ningeuza mbuzi kwa uso upi?

Ndipo nikaenda kwa balozi. Sasa nimemfikia.

Balozi wetu alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Kilimo anajua, siasa anajua, magonjwa ya watoto anajua, na mbwa ikawa anajua. Yeye mwenyewe hakuwa na mbwa. Akanywa rubisi yangu, pombe yetu ya ndizi, akafuta mdomo, akasema: "Waitu, ndugu yangu, mbwa huyo amekukalia kichwani. Mchape. Lakini mchape pale pale anaponguruma, siyo baadaye, ajue ni kwa kosa gani. Wiki mbili hutamsikia tena."

Wiki mbili hutamsikia tena. Angalau hapo balozi hakukosea. Sikumsikia tena.

Nilikata fimbo ya mti wa mbuni, nikaiegemeza kwenye kiti. Mtu akija, akipiga magoti, mbwa akinguruma, nampa moja ya mgongo. Nilikuwa nahesabu. Jumatatu ya kwanza alinguruma mara tisa. Alhamisi nne. Jumapili moja, na hiyo moja ilikuwa ndogo, kooni tu, na hiyo nayo nikaipiga. Wiki ya pili sifuri. Nilihakikisha. Sifuri.

Nikafurahi kama mtu aliyeuza mbuzi kilema kwa bei ya mzima.

Balozi akaleta watu kuja kuona. Mbwa wa heshima, akawaambia. Wakawa wanampitia karibu, wanamgusa kichwa, wanamwinamia usoni na kumuuliza habari za chama, na Kupe kimya. Mama Oliva akasimama mlangoni akitazama, kakunja mikono. Na yeye nadhani nilikwishamfundisha kunyamaza.

Lakini ukimya wa yule mbwa ulikuwa na maneno, mengi, na yote niliyaona. Ndiyo maana nasema sina pa kujificha. Mtu akimsogelea alikuwa anapiga miayo, mchana kweupe, bila usingizi. Nikafanya utani: anapiga miayo kama katibu kwenye mkutano wa mavuno. Alikuwa anajilamba mdomo wakati hakuna chakula. Nikasema ana tamaa. Alikuwa anageuza kichwa pembeni huku jicho limebaki kwako, weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mchanga. Nikasema ana aibu kama bibi harusi. Masikio yamelala, mkia umeingia chini ya tumbo. Nikasema ndiyo heshima yenyewe.

Mbuzi angefanya nusu ya hayo nisingemnunua!

Woga sikuutoa. Ulikuwa pale pale ulipokuwa Kanazi, umezidi tu, maana sasa kila aliyepiga magoti alikuja na fimbo nyuma yake. Mbwa akajua: uso ukishuka, maumivu yanafuata. Nilichotoa ni ile sauti. Nyumba ina moto, mimi nimempiga anayepiga yowe, kisha nikakaa kusifia utulivu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya Misa. Nyasi mbichi zimetandazwa sebuleni. Balozi alikuja na wageni wawili kutoka kijiji cha pili, watu wa kamati, na mimi nilitaka kuwaonyesha mbwa wangu. Sitasema vingine. Nilitaka kusifiwa.

Tulikuwa tumeshaanza kibuyu cha pili. Wale wageni walikuwa na sauti kubwa, wananyosha mikono juu ya kona kila wakicheka, na Kupe alikuwa amejipachika ukutani mpaka unadhani ukuta utamfungulia. Kwa wakati ule mdogo tu alipiga miayo mara tano. Nilihesabu, nikacheka.

Nikamwita Mama Oliva alete kahawa za kutafuna, awasalimu wageni.

Akaja na kikapu kile kidogo. Akafika mlangoni akasimama. Alimwangalia mbwa, siyo sisi.

"Baba Oliva," akasema taratibu, "mtoe mbwa kwanza."

Balozi akaangalia dari. Mmoja wa wageni akakohoa kikohozi cha kucheka. Uso wangu ukawaka.

"Piga magoti," nikamwambia.

Maneno mawili. Nimesema maneno mengi maishani, kazi yangu ni maneno, na mengi ni ya uongo. Hayo mawili ndiyo ningetoa zizi zima kuyarudisha.

Akapiga magoti. Alishuka mbali kadiri alivyoweza, kando, akageuza uso asikutane na macho ya mbwa. Hata pale alikuwa bado anamsaidia. Lakini kahawa lazima inifikie mikononi, na mimi sikunyosha mkono. Nilikaa nikisubiri iletwe. Basi akainama mbele, kikapu mikono miwili, kama ilivyo desturi.

Kupe akajilamba. Akageuza kichwa. Kisha akakauka. Mwili mzima ukawa mti, hata pumzi sikuiona. Mimi nikadhani ametulia.

Hakunguruma. Angengurumaje? Alimrukia bila sauti yoyote, mara moja, akamwachia, akarudi ukutani, akajikojolea.

Ndugu zangu, mdomo wa juu wa mke wangu ulipasuka mpaka karibu na pua, na shavu lilikuwa na matundu manne. Kahawa zilimwagika kwenye nyasi. Hakulia kwa sauti. Alikaa pale pale magotini, kashika uso kwa kanga, na kitu cha kwanza alichofanya, naapa, alinyosha mkono mmoja kunizuia nisimpige mbwa.

Nilipoiweka fimbo chini tayari nilikuwa nimempiga mbwa mara mbili.

Tabibu wa zahanati akaja, akaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akasema hilo la mdomo ni la kushonwa Bukoba. Mbwa nilimfunga kwenye mparachichi uani. Watu wakajaa. Na watu wakijaa wanauliza. Alimfanya nini? Mbona hatukusikia hata kunguruma? Mmoja akasema kwa sauti, mbwa yule alikuwa anachapwa kila siku, mlitegemea nini? Balozi, mwalimu wangu, alikuwa ameshahamia upande wa wanaouliza. Akaniambia mbele ya watu: "Kwani ulimchapaje wewe?"

Ulimchapaje wewe! Rubisi yangu ilikuwa bado kwenye ndevu zake!

Kabla jua halijashuka akafika bwana mifugo kwa baiskeli. Kijana mpole, na daftari. Akaniuliza maswali ya maana. Mbwa amebadilika siku hizi? Anakula? Anakunywa maji? Anatangatanga? Akanieleza vizuri, taratibu, kama anaeleza mtoto: kama mbwa ni mzima, tumfunge, tumlishe, tumwangalie siku kumi. Akiwa mzima mpaka siku ya kumi, hana kichaa, na mama atashonwa mdomo tu, yaishe. Kama ana dalili, auawe leo, na mama aende kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Akasema sindano hizo zinachomwa tumboni, kila siku, na si mbili wala tatu.

Watu wote wakanigeukia.

Pateni picha. Nikisema mbwa ni mzima, nimekubali kwamba nilimpigisha mke wangu magoti kwenye mdomo wa mbwa ambaye mimi mwenyewe nilimharibu, baada ya yeye kuniomba nimtoe mbwa kwanza. Nikisema kichaa, basi ni ajali. Kichaa hakina mwenyewe. Ujinga una mwenyewe, na kila mtu pale uani alikuwa anamwangalia usoni.

Nikasema: "Ana siku tatu hajagusa maji."

Bwana mifugo akaandika.

Na wakati anaandika, kichwa kimeinama kwenye daftari, Kupe pale mparachichini akainuka, akasogea kwenye kopo alilowekewa, akaanza kunywa. Lap, lap, lap. Alikuwa na kiu, mdomo mkavu wa woga. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikapiga hatua kama mtu anayejinyoosha, nikalisukuma kopo kwa mguu. Maji yakaingia ardhini.

Bwana mifugo hakuona. Balozi hakuona. Niligeuka kuhakikisha, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Oliva, kanga usoni imeloa damu, macho yake juu ya kopo.

Akataka kufungua mdomo aseme. Haukufunguka. Ulikuwa umepasuka.

Akaitwa mgambo, akapiga risasi mbili. Ya kwanza ilipata mgomba.

Sindano za tumboni, ndugu wasomaji. Alishonwa Bukoba, akakaa Kahororo kwa dada yake, na kila asubuhi anatembea kwenda hospitali, anainua blauzi, anachomwa. Kulia mwa kitovu leo, kushoto kesho. Tumbo likavimba likawa gumu kama ubao, likawaka, asiweze kulala kifudifudi wala kufunga kanga kiunoni. Kwa ugonjwa ambao mimi nilijua hana! Kila sindano niliichoma mimi. Muuguzi alishika tu.

Nilikwenda kumwona mara tatu. Mara ya pili ilikuwa siku ya tisa. Nilimletea ndizi na kuku. Alikuwa kakaa nje kwenye kigoda, kaegemea nyuma kuliachia tumbo nafasi. Nikaongea mimi tu, habari za mbuzi, habari za mvua. Akaniacha nimalize.

Kisha akauliza, kwa mdomo wenye nyuzi, kila neno limepinda: "Yale maji uliyamwaga ya nini?"

Nilikuwa na nafasi pale. Hakukuwa na balozi, hakukuwa na mtu wa kamati, ni yeye na mimi na kuku aliyefungwa miguu. Ningesema.

Nikasema: "Kopo lilikuwa linavuja."

Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekataa bei, akaingia ndani kumchinja kuku. Hajauliza tena tangu siku ile.

Alirudi nyumbani, ndiyo. Watu wengine walidhani ataenda kwao moja kwa moja, na ndugu zake walimtaka. Alirudi, akalima kibanja chake, akapika. Ila hajapiga magoti tena, kwangu wala kwa mwanamume mwingine yeyote. Anasalimia wima, mikono kaishusha, anakutazama. Mara ya kwanza alipomsalimia balozi hivyo, balozi alinigeukia nimkanye. Nikamwambia balozi kama ana haraka na aende.

Mdomo ulishonwa ukapona, lakini umevutwa juu upande mmoja. Mke wangu alikuwa maarufu kwa vigelegele. Siyo kusifia mke wangu, muulizeni yeyote. Harusi ikipita barabarani watu walikuwa wanamwita atoke. Sauti inatoka pembeni sasa, hewa inakimbia, inakuwa kama chai inayopulizwa. Oliva wetu alipoolewa, wanawake walimgeukia mama mzazi aanze. Akainua mkono mdomoni, akaushusha. Akaanza shangazi yake.

Nilikuwa nimevaa koti la suti la kuazima siku ile. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba nikajitukana mpaka nikaishiwa maneno, na mimi maneno hayaniishii.

Kwa padri nilikwenda. Nikasema nimempiga mnyama, nimesema uongo. Akanipa rozari moja. Najua bei ya kutupa nikiiona. Ilikuwa bei ya kutupa, kwa sababu bidhaa yenyewe sikuionyesha yote. Sikumwambia habari za kopo.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Na kabla ya kutuma nimefanya kitu ambacho nilitakiwa nikifanye Kahororo: nimemsomea Mama Oliva barua hii, yote, na pale pa kopo nikasoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilipapita mbio. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

Nilipomaliza akasema kwamba nilikuwa nimeandika sindano kumi na tatu. Zilikuwa kumi na nne. Nimefuta idadi pale juu kwa sababu naona sina haki ya kuitaja mahali ambapo sikuwepo.

Halafu akasema: "Umejililia sana. Waandikie watu cha kufanya."

Kuhusu kusamehe hakusema, na mimi sikupatana.

Basi haya ni yake, mimi naandika tu. Mbwa anaponguruma, amekufanyia hisani. Usimpige. Sogea mbali naye, au msogeze anayemtisha, kisha utafute ni kitu gani kinamtisha: uso, mkono wa juu ya kichwa, kelele, kofia, gari, watoto wanaokimbia. Mpe mahali pake ambapo hakuna mtu atamfuata. Usimwinamie, kaa ubavu, tupa chakula mbali nawe, mwache aje mwenyewe, na asipokuja leo usimvute. Kile anachokiogopa akione kwa mbali kwanza akiwa anakula, siku nyingi, na usikisogeze mpaka yeye ametulia. Akipiga miayo bila usingizi, akijilamba bila chakula, akikupa weupe wa jicho, akikauka, hapo ameshakwambia yote. Acha unachofanya. Na akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni, na mwenye mbwa aseme kweli kwa mganga na bwana mifugo, hata ikimvua nguo.

Hayo ndiyo yake. Hili la mwisho ni langu, na nalisema kwa hasira, mnisamehe.

Najua mko huko mnasoma na fimbo imeegemea kitini. Najua kuna balozi wenu amewaambia wiki mbili tu. Najua mnasifiana mbwa wapole, kimya, hata umkanyage mkia. Nendeni mkamwangalie jicho huyo mbwa mpole. Leo, kabla wageni hawajaja. Na mtu wa nyumbani mwako akikuomba umtoe mbwa kwanza, inuka kwenye hicho kiti chako, umtoe kwa mikono yako mwenyewe, umpeleke nyuma ya jiko, umwekee maji.